Rivasi ya Mutheu

Gatina, Kawangware, 1987

Jumapili, 8 Machi

Mwalimu Jeconia ameagiza kila mtupaji wa timu awe na daftari, na kila baada ya mazoezi aandike mpira wake ulifanya nini siku hiyo. Timu yetu ya softboli ina mtupaji mmoja, ndiye mimi Nabalayo, kwa hiyo daftari ni moja. Basi naandika: mpira wangu ulikwenda moja kwa moja, mbio, na wapigaji walishtukia tayari uko kwenye glavu ya Sella. Sella ndiye mdakaji wetu, msusi wa nywele kule kituo cha matatu cha 46, mtu wa vicheko vingi. Leo hakucheka. Amesema kiganja chake kimevimba kwa sababu yangu. Nimefurahi hadi jioni.

Jumanne, 10 Machi

Nimesimama kwenye geti moja huko Lavington tangu asubuhi na wanawake wenzangu wa kufua nguo. Mama mwenye nyumba akatoka, akatuangalia kama anayechagua nyanya, akachukua wawili. Mimi sikuwa mmoja wao.

Jumamosi, 14 Machi

Habari kubwa. Kiwanda kimoja cha sabuni huko Industrial Area kinatafuta wachezaji wa timu yake ya wanawake. Atakayechukuliwa anapewa kazi ya kudumu, idara ya kupakia. Kocha wao, Bi. Wagaki, tutacheza mbele yake tarehe 6 Juni, na kutoka timu yetu atachukua mtu mmoja tu.

"Na mjue, kocha yeyote huanza na mtupaji," Mwalimu Jeconia alisema. Hakunitazama, lakini wenzangu wote walinitazama.

Kazi ya kudumu! Kuamka asubuhi nikijua naenda wapi. Kutosimama tena getini kupimwa kwa macho. Nimeshaanza kujinusa harufu ya sabuni.

Jumapili, 22 Machi

Tumepata jirani mpya kwenye ploti, hivi vyumba vyetu vya kupanga. Anaitwa Mutheu, ametoka Kibera, amekuja kukaa na shangazi yake, Mama Musyoka wa chumba cha mwisho. Kazi yao ni kusuka vyondo, vile vikapu vya ukonge. Jioni nzima msichana alikaa kwenye ngazi, sketi ameikunja mpaka juu, anasokota ukonge kwenye paja. Mkono unasukuma nyuzi mbele kuelekea goti, halafu unazivuta nyuma, na kamba inatoka imekamilika. Haangalii hata.

Nilimsalimia vizuri. Nikamwazima ndoo yangu. Naandika hili ili ijulikane kwamba nilianza vizuri.

Jumamosi, 28 Machi

Ni mimi mwenyewe niliyemwalika aje mazoezini. Mtu na akili zake.

Tulikuwa pungufu ya mtu mmoja, nikamwambia Mutheu aje tu asimame huko nyuma, aokote mipira. Alikuja na malapa. Wakati wa kupumzika akaokota mpira, akauzungusha kidogo mkononi, akauliza, "Mimi naeza jaribu?" Sella akachuchumaa akicheka.

Mpira ukaondoka polepole. Nilimwonea huruma, kwa kweli, maana ulikwenda kama mtu anayekwenda sokoni hana haraka. Halafu, hatua moja mbele ya Sella, ukazama. Ukaanguka chini ya glavu yake na kumgonga kwenye mguu. Sella akainuka akitazama uwanja kama ameibiwa.

Mwalimu Jeconia akaja taratibu. "Rudia."

Mutheu akarudia. Huu wa pili haukuzama. Ulipinda kwenda nje, mbali na mahali mpigaji angesimama.

"Nani alikufunza?"

"Hakuna mtu, Mwalimu. Nimeachilia tu vile mimi husokota."

Mwalimu akacheka peke yake kwa furaha. Miaka miwili amenifundisha, na sijawahi kumsikia akicheka hivyo.

Mpira wangu leo ulifanya nini? Hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 4 Aprili

Leo Mwalimu ametupa somo kuhusu mipira inayopinda. Alilipata zamani kwa Mmarekani wa kujitolea aliyefundisha shule moja na yeye huko Kakamega, na miaka yote amelihifadhi kwa kukosa mtu wa kumpa. Sasa amempata. Sisi wengine tumelisikia kwa sababu tulikuwa hapo.

Alichora kwa kijiti kwenye udongo. Akasema mpira usiozunguka haupindi sana, siri yote iko kwenye mzunguko ambao mkono unaupa mpira wakati ule wa mwisho unapopita kwenye nyonga. Sisi tunatupa mkono ukitoka chini, si juu ya bega kama kwenye besiboli ya wanaume wa kwao, lakini upepo ni ule ule. Mpira ukizungushwa kwenda mbele, kama gurudumu linaloshuka mlima, unazama. Ukizungushwa kinyume, kurudi nyuma, unakataa kuanguka, na mpigaji anauona kama unapanda. Ukizungushwa kama pia ya kuchezea watoto, unakimbilia kando. Pia ikizungukia upande mmoja, mpira unakwenda nje, mbali na mpigaji. Ikizungukia upande wa pili, unarudi ndani, kwenye tumbo lake.

Wasichana wakaipa majina papo hapo. Unaozama ni mteremko. Unaopanda ni lifti. Unaokwenda nje ni kona. Unaorudi ndani ni rivasi, na huo Mwalimu alisema ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu mkono wa binadamu hautaki kugeukia huko.

Mkono wa Mutheu unataka. Unasukuma mbele ukonge siku nzima na kuuvuta nyuma siku nzima, pande zote kwake ni sawa.

Niliulizwa maswali nikajibu yote. Ninaweza kumwambia mtu yeyote mpira gani unazungukaje na kwa nini. Lakini nikitupa, unakwenda moja kwa moja kama kawaida. Mwalimu akaniambia kwa upole, "Wewe Nabalayo umeelewa kabisa." Kisha akageuka kwenda kwa yule anayeweza.

Jumapili, 12 Aprili

Phanuel, rafiki yangu, ni fundi viatu, na ndiye anayetushonea mipira ikifumuka. Leo nimempelekea mitatu. Akauliza, "Ni ukweli hiyo mpira ya yule Mkamba inapinda? Nitakuja Jumamosi nione." Miezi minane tuko pamoja na hajawahi kuja kuona wangu ukinyooka.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua. Choo cha ploti kimefurika.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua imenihurumia. Tulicheza kwenye matope, na mpira uliolowa haushikiki, kwa hiyo haukubali kuzungushwa. Mteremko wa Mutheu haukuteremka. Kona yake ilinyooka, na wenzetu wakaipiga mpaka kwa jirani. Mimi nikaingia, nikatupa moja kwa moja, mbio, wakakosa wote. Phanuel alikuwepo na mwavuli. Macho yake hayakuondoka kwa Mutheu, ati anasubiri mpira ukauke.

Nimeomba mvua inyeshe mpaka Juni. Najua kuna watu nyumba zao zinavuja. Chumba changu pia kinavuja.

Jumatatu, 20 Aprili

Pasaka. Watu walikwenda kanisani, mimi nikabaki nikisema naumwa kichwa. Nilikuwa nimenunua fungu la ukonge pale sokoni 46, nikajifungia ndani. Nikakunja leso mpaka juu na kuanza kusokota kwenye paja kama yeye. Niliona hesabu yake ni rahisi: kama ukonge ndio uliomfundisha, ukonge utanifundisha na mimi. Kwetu Bungoma tunasokota kamba ya kufungia ng'ombe kwa viganja viwili, tukiwa tumesimama. Sikufikiri kwamba paja lina mambo yake. Nilisukuma kwa nguvu zote, nikavuta kwa nguvu zote, kutwa nzima.

Kamba niliyopata haifungi hata sukuma wiki.

Jumanne, 21 Aprili

Ngozi ya paja imechubuka yote, malengelenge matupu. Siwezi kuvaa nguo ikagusa. Nimewaambia watu nimemwagikiwa na uji.

Alhamisi, 23 Aprili

Mutheu alibisha mlango akiwa na kikopo cha jivu. Akakiweka chini bila kukaa.

"Mtu hupaka jivu kwanza," alisema. "Halafu unapitisha mkono polepole. Bila jivu ngozi inaisha. Hata mimi nilichubuka nikiwa mdogo."

Nikamwambia sijui anazungumzia nini, mimi niliungua na uji.

Akatazama chini ya kitanda, ambako ukonge ulikuwa umechungulia. Hakucheka. Laiti angecheka! "Sawa. Lakini ukitaka nikufunze, si useme tu? Mimi siwezi kukunyima."

"Unifunze nini, Mutheu? Mimi nilikuwa natupa mpira wewe ukiwa Kibera hujui softboli ni nini."

Akaondoka. Jivu akaliacha. Nimelipaka kwenye kidonda, halisaidii kitu. Na neno lile moja, nifunze, lilikuwa limefika mdomoni kabisa. Nililimeza na bado nalisikia kooni.

Jumamosi, 2 Mei

Siwezi kutupa. Mkono ukipita kwenye paja, nawaona malaika. Mutheu ametupa mchezo mzima.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua zimepungua. Nilijua tu.

Jumamosi, 9 Mei

Leo tulicheza na timu ya Kibera, majirani wa zamani wa Mutheu wakaja kushangilia. Mimi benchi. Nikaona kwa kuwa sina kazi nyingine, nimwangalie. Kumwangalia ndiyo kazi yangu siku hizi. Namwangalia akichota maji, namwangalia akianika nguo, namwangalia akichekeshwa na Sella ambaye zamani alikuwa akicheka na mimi. Mtu akinipenda hivyo nitaogopa.

Na kwa kumwangalia nimegundua kitu. Kabla ya mteremko, kidole chake cha mwisho husimama kidogo, kama cha bibi anayekunywa chai. Kabla ya kona, humeza mate. Kabla ya lifti, hushusha bega la kushoto. Na kabla ya rivasi, kila mara, bila kukosa, hupitisha ulimi kwenye kidole gumba. Ni vile vile anavyofanya jioni kwenye ngazi anapounganisha uzi mmoja na mwingine. Hajui kama anafanya.

Nimeangalia mchezo mzima na sikukosea hata mara moja. Hakuna mwingine aliyeona. Sella hajui, ndiyo sababu kona na mteremko anadaka kwa shida na rivasi inampita kabisa. Ishara za vidole wanazopeana huwa wanazisahau katikati ya mchezo.

Mpigaji akijua habari ya kidole gumba, rivasi imekufa. Anasogea nyuma hatua moja na kuupiga mpaka Dagoretti. Sasa nina kitu chake mkononi. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Jumatatu, 18 Mei

Getini, saa tatu. Wakamchukua mmoja. Yule aliyesimama kulia kwangu.

Jumatano, 20 Mei

Mwenye duka mmoja wa mjini amechukua vyondo vyote vya Mama Musyoka na kuagiza vingine. Wamepika pilau, wameleta sahani mlangoni kwangu. Nilikula yote kwa hasira. Ilikuwa tamu.

Jumamosi, 30 Mei

Mwalimu ametangaza. Siku ya Bi. Wagaki, Mutheu ataanza. Mimi nitaingia mwishoni, "ukibaki muda."

Nilijibu, "Sawa, Mwalimu." Nikaja mpaka bafu la ploti, nikafungua maji ili watu wasisikie, nikalia mpaka Mama Musyoka akagonga akiuliza kama nimemaliza kuoga. Namchukia. Naandika nikiwa na akili zangu timamu. Nachukia mkono wake na nachukia jinsi anavyonisalimia kila asubuhi kana kwamba hakuna kitu. Kazi ile ilikuwa yangu kabla hajajua njia ya Gatina.

Kidole gumba bado ninacho.

Jumamosi, 6 Juni

Ni usiku sasa, lakini lazima niandike leo.

Uwanja wa kiwanda una nyasi kweli, zimekatwa. Wasichana wao wana viatu vinavyofanana. Bi. Wagaki ni mwanamke mrefu wa kofia, haongei sana, anatembea nyuma ya mdakaji na kutazama mpira unavyokuja.

Mutheu akaanza. Mteremko, mpigaji akakosa. Kona, akakosa. Rivasi, mpigaji akajikunja kama amechomwa na siafu, akakosa mara ya tatu. Lakini Sella pia aliukosa. Na sheria inasema mpigaji akikosa mara ya tatu, mdakaji naye asiushike, mpigaji ana ruhusa kukimbia. Msichana akakimbia, akafika kituo cha kwanza salama, na mpira mwingine ulipompita Sella akasogea mpaka kituo kinachofuata. Mpigaji wa pili akakosa na kukimbia vile vile. Mutheu anawashinda wote na wote wako salama, wanapiga makofi.

Mimi benchi. Nilitaka kukaa kimya nionekane mwungwana, lakini nilikuwa nahesabu kila mpira uliompita Sella. Nikamtazama Bi. Wagaki akitikisa kichwa, nikasema moyoni, asante Mungu.

Mpigaji wao mmoja aliyekuwa akingoja zamu akaniinamia. "Dada, huyo wenu anatupa aje? Hiyo yenye inaingia ndani unajuaje inakuja?"

Swali lile nilikuwa nimelingojea wiki nne. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Mwangalie..."

Wakati huo huo rivasi nyingine ikampita Sella, ikabingirika mpaka kwenye ua. Wasichana wa kiwanda wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Hiyo ni mpira ama ni kuku imetoroka?"

Sijui nieleze vipi. Walikuwa wanaucheka mpira ule. Mpira ulionitoa usingizi miezi miwili, ulionichuna paja, hawa wanaucheka kwa sababu Sella hajui kuushika! Kama kuna mtu mwenye haki ya kuudharau mpira wa Mutheu ni mimi, na mimi sijawahi kuudharau hata siku moja. Nilisimama kabla sijajua nimesimama.

"Sella, leta hiyo glavu."

Sella aliivua haraka, kidole kimemvimba kama ndizi. Mwalimu Jeconia akauliza nini kinaendelea. Nikavaa maski ya chuma, nikachuchumaa. Mutheu akaja nusu ya njia. Uso wake ulikuwa na hofu, na najua alihofia nini. Mdakaji akitaka kumharibia mtupaji, ni rahisi mno.

"Nabalayo. Unataka nini hapa?"

"Tupa mpira."

"Na ishara?"

"Sitaki ishara. Wewe tupa yenye unataka."

Akarudi mahali pake. Akasimama kidogo. Ulimi ukapita kwenye kidole gumba. Glavu yangu ilikuwa imeshakwenda kushoto kabla mpira haujamtoka. Ukaja, mpigaji akajikunja, mpira ukaingia kwenye kiganja changu, paa!

Bega la kushoto likashuka, nikainuka kidogo: lifti. Akameza mate, nikaenda kulia: kona. Kidole cha bibi wa chai, nikaweka glavu kwenye nyasi, mteremko ukaja ukakaa ndani kama yai kwenye kiota. Baada ya hapo sikuhesabu. Nilisikia Mutheu akianza kucheka huko mbele, akitupa kwa uhuru ambao sijawahi kumwona nao, maana kwa mara ya kwanza alikuwa na mtu wa kumtupia. Nami nilikuwa na raha, Mungu anisamehe. Nilikuwa namchukia na nina raha.

Mwishoni Mwalimu akakumbuka zamu yangu ya kutupa. Nikatupa moja kwa moja, mbio. Wasichana wa sabuni waliipiga. Mmoja mpaka nje ya ua.

Halafu Bi. Wagaki akatuita. Mutheu alikuwa amenyooka, ananifuta vumbi begani kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta uso wa kumpongezea.

"Watupaji ninao," alisema Bi. Wagaki. "Ninao watatu, na wote wanapinda mpira. Wa kuishika ndio sina. Mwaka mzima nimepoteza michezo hivyo." Akanielekezea kalamu. "Wewe. Ulijuaje unaenda wapi?"

Ningemwambia nini? Kwamba ukimwonea mtu kijicho vya kutosha unamjua mpaka mate anayomeza?

"Huwa namwangalia tu," nikasema.

"Njoo Jumatatu, saa moja. Lete kitambulisho."

Nikageuka kumtazama Mutheu. Alitabasamu, akaniambia hongera. Lakini kabla ya tabasamu kuna kitu kilipita machoni pake, haraka sana, na hakuna aliyekiona ila mimi. Nilikitambua mara moja. Nimeishi nacho msimu mzima.

Jumapili, 7 Juni

Nilidhani kushinda kutakuwa na ladha nyingine. Nimeshinda ndani nikijifanya napiga pasi.

Jioni akabisha. Nikajua amekuja kugomba, na nikawa tayari, nikawa hata na hamu. Alisimama mlangoni, mikono ina ukonge.

"Jana nimelia," alisema. "Usiku yote. Nilikuwa naona hiyo kazi ni yangu."

"Hata mimi nilikuwa naona ni yangu."

"Najua." Akajifuta mikono kwenye sketi. "Mwalimu anasema kuna kampuni ingine itakuja mwezi wa tisa. Labda hao pia wanataka mtu wa kushika. Nabalayo, nifunze kushika."

Alisema hivyo hivyo, amesimama mlangoni kwangu, kama anayeomba chumvi. Nilimtafuta usoni ile aibu ambayo mimi ingeniua. Haikuwepo. Neno ambalo nililimeza mwezi wa nne na likanikwama kooni mpaka leo, yeye amelitoa siku moja tu baada ya kushindwa. Nilimwonea kijicho pale mlangoni kuliko hata siku ile mpira wake ulipozama.

Nimemwambia aje kesho jioni nikitoka kazini, alete glavu ya Sella.

Habari ya kidole gumba sijamwambia. Nitamwambia. Si kesho.